Mtoto asisome kwa bando la mwalimu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu na mawasiliano

Kwa Waziri mwenye dhamana ya elimu, Waziri mwenye dhamana ya tawala za mikoa na serikali za mitaa (TAMISEMI), Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, Taasisi ya Elimu Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga, na ninawaandikia kuhusu vishikwambi na simu. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vifaa walivyotembea navyo makarani nyumba kwa nyumba vililetwa kwa walimu. Nchi nzima viligawiwa vishikwambi karibu laki tatu. Uamuzi ule ulikuwa mzuri na nausifu hadharani, maana vifaa vile vingeweza kuishia kwenye stoo vikala vumbi mpaka sensa ijayo. Mimi ni mmoja wa waliopata, na darasani kwangu mambo yamebadilika kweli.

Lakini kuna jambo limekwama, na limekwama mahali ambapo nyinyi ndio mnaoweza kulikwamua. Kifaa kilikuja, masomo hayakuja ndani yake. Kila ninachotaka kuwaonyesha watoto inabidi nikipakue mwenyewe kwa bando langu, na mtoto akitaka kukirudia nyumbani inabidi apate bando la mzazi. Mwaka 2016 taifa hili lilianza kumsomesha mtoto mpaka kidato cha nne bila ada. Kwa upande wa simu, ada imerudi kupitia mlango wa nyuma, na jina lake ni bando.

Nianze na kilichobadilika, kwa sababu bado wapo wanaodhani vifaa hivi ni mapambo ya ofisi.

Darasani kwangu yupo mwanafunzi mwenye ualbino. Uoni wake ni hafifu, kama ilivyo kwa wengi wenye ualbino, na hata akikaa dawati la mbele kabisa maandishi ya ubaoni hayasomi. Miaka yote alikuwa akinyanyuka, anausogelea ubao mpaka pua inakaribia kugusa chaki, anakariri mstari mmoja, anarudi kuuandika, ananyanyuka tena. Nyuma yake wenzake wanapiga kelele: kaa chini, hatuoni! Akipata mistari mitatu wenzake wameshamaliza kumi, na mimi nimeshafuta upande mmoja ili niendelee. Siku hizi nikimaliza kuandika naupiga picha ubao kwa kishikwambi, nampa. Anaweka vidole viwili juu ya kioo, anavitanua, herufi zinakua mpaka neno moja linajaza kioo kizima. Anasoma ameketi, anaandika, na akikwama ananiuliza swali la somo badala ya kuniuliza pale pameandikwa nini. Hakuna mtandao uliohitajika hapo, wala mtaalamu kutoka wizarani. Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, na hilo ni jema sana, ila mtihani wa darasa la saba ni wa siku mbili. Ubao ni wa miaka saba.

Mfano wa pili ni mlima. Mada ya volkano nimekuwa nikiifundisha kwa kuchora pembetatu ubaoni na mshale wa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, unaopanda katikati. Watoto wanakopi pembetatu na mshale, wanapata alama zao, na hakuna kilichoingia. Safari hii nilipakua video ya Oldoinyo Lengai, mlima wetu wenyewe, ulioko kaskazini karibu na Ziwa Natron. Darasa lina watoto zaidi ya themanini na kioo cha kishikwambi ni kidogo, kwa hiyo kinapita dawati kwa dawati huku wengine wakifanya zoezi. Mara nikasikia ubishi: hii siyo volkano, volkano ni moto mwekundu, hili ni tope jeusi tu. Ubishi ule ndio ukawa somo. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna ile. Ya kwetu imejaa kabonati za sodiamu, chumvi za jamii ya magadi, na ina madini ya silika kidogo mno. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava iliyozoeleka, ndiyo maana mchana haionekani nyekundu. Hutoka nyeusi, hutiririka kwa wepesi, kisha ikikutana na unyevunyevu inageuka nyeupe. Mtoto mmoja akauliza kama weupe ule ni theluji kama ya Kilimanjaro, na mwenzake akamjibu kabla yangu. Hawa ni watoto ambao wengi wao hawajafika hata Moshi.

Video ile niliipakua usiku, kwa sababu kijijini kwetu usiku ndipo mtandao unapata nguvu kidogo, na niliilipia mimi. Wiki iliyofuata mada ilikuwa nyingine, na bando lilikuwa limeisha. Nikarudi kwenye pembetatu.

Hapo ndipo walimu wengi walipo, Waheshimiwa. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu ina vitabu vya kiada, na mwalimu ambaye shule yake ina nakala chache za kitabu anaweza kukisoma chote kwenye kioo. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, nayo yana moduli zake mtandaoni, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umekuja na mambo mapya ambayo hatukufundishwa vyuoni. Yote hayo ni mema na yote yanapita kwenye bando. Mwalimu wa mjini mwenye mtandao wa kasi anayafikia akiwa amekaa. Mwalimu wa kijijini kwangu anapanda kichuguu nyuma ya choo cha walimu kutafuta mnara, na akiupata anahesabu megabaiti kabla hajabonyeza. Tunaoumia zaidi kwa kukosa vitabu ndio tunaolipa zaidi kuvipata.

Wazazi nao wamo. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, tulianzisha kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa langu, nikawa natuma maswali kwa picha na maelezo kwa sauti. Redio na TBC walirusha vipindi, na vilisaidia. Lakini kwenye kundi wale wenye simu janja waliendelea, na wale ambao nyumbani kuna kitochi tu walikwenda shamba. Tulipofungua Juni 29 tofauti ilikuwa inaonekana kwenye madaftari bila hata kutoa jaribio. Kundi lile bado lipo, na bado lina watoto wa aina mbili. Yupo mtoto ambaye baba yake ni dereva wa bodaboda: simu inarudi nyumbani saa nne usiku ikiwa na asilimia tano za chaji, mtoto ameshalala. Na katika nyumba yenye kaka na dada, nikiuliza nani aliisikiliza sauti niliyotuma, mara nyingi ni kaka. Dada alikuwa anaosha vyombo, na alipomaliza bando lilikuwa limekatika.

Sitaki mnielewe kwamba naomba kila mtoto anunuliwe simu. Kenya waliahidi kompyuta mpakato mwaka 2013, wakaja kuanza kugawa vishikwambi vya darasa la kwanza mwaka 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikafika mashuleni. Ilikuwa kazi kubwa, na shule nyingi zilivutiwa umeme kwa ajili hiyo. Hata hivyo sehemu ya vifaa vile vilikaa makabatini kwa kuogopa wezi, na walimu wengi hawakuwa wamejengewa mazoea ya kuvitumia. Kugawa kifaa ni siku moja yenye wapiga picha. Kazi iko kwenye kilichomo ndani yake, na kwa nani analipia kila kinapowashwa.

Ninachoomba ni hiki: pakueni mara moja, tugawane bure.

Nenda stendi yoyote ya nchi hii utakuta kibanda cha kijana mwenye kompyuta anayeingiza nyimbo na muvi kwenye memori kadi na flashi. Kwa fedha ndogo tu simu inajazwa muvi zilizotafsiriwa na ma-DJ, nyimbo mpya, mahubiri na kaswida. Mteja anaondoka na saa nyingi za kutazama, na hatatumia hata megabaiti moja. Kijana yule amepakua kila kitu mara moja kwa gharama yake, na mji mzima unatazama. Njia hiyo imefika vijiji ambavyo gari la vitabu halijafika. Katika kibanda cha stendi yetu kuna kila kitu isipokuwa somo. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia hajawahi kuletewa, na kwamba nikimletea atawawekea watoto bila malipo. Sina cha kumpelekea chenye idhini. Vitabu ni mali ya serikali, na mimi siwezi kuvisambaza kwa uamuzi wangu.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu jambo hili limeshajaribiwa, na lilijaribiwa hapa hapa Tanga.

Lilikuwepo shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk. Timu tano zilizofika fainali zilitengeneza programu za Kiswahili za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu kuwa karibu. Programu hizo zikawekwa ndani ya vishikwambi, na vishikwambi vikapewa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wetu. Serikali yetu ilishiriki pamoja na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vijijini vikajengwa vituo vya kuchajia kwa sola. Mtoto hakuhitaji bando. Alichukua kifaa, akakaa chini ya mwembe, akasoma.

Kabla ya majaribio, asilimia 74 ya watoto wale walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu ikagawanywa kwa timu mbili, onebillion ya London na Kitkit School ya watu wa Korea Kusini na Marekani. Na sharti la shindano lilikuwa kwamba programu za timu zote tano za fainali ziwekwe wazi, mtu yeyote duniani azichukue, azitumie, azirekebishe bila kulipa.

Programu za Kiswahili, zilizopimwa kwa watoto wetu, katika vijiji vyetu, ambazo watengenezaji wake wameruhusu zichukuliwe bure. Kishikwambi nilichokabidhiwa hakikuwa nazo. Nina watoto wa darasa la tatu ambao bado wanasilabi ba, be, bi kwa kidole, na vijiji vilivyoshiriki majaribio yale haviko mbali na kwetu. Kila nikilifikiria hili roho inaniuma. Nasema hivyo kwa heshima, nikijua kwamba ofisi zenu zina mambo mengi, lakini hapa hapahitajiki utafiti mpya wala zabuni ya miaka mitatu.

Wala si Tanga peke yake. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na kule Kakuma na Dadaab nchini Kenya, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) na Vodafone Foundation wameendesha mradi uitwao Instant Network Schools, ulioanza 2013. Chumba kimoja cha shule kinapewa sola, vishikwambi, na kifaa kinachohifadhi masomo hapo hapo chumbani, kiasi kwamba mtandao wa nje ukikatika mtoto wa Kikongo au wa Kirundi anaendelea kusoma. Kama inawezekana kambini, kwenye mahema na vumbi, inawezekana kwenye shule ya kata na shule ya msingi yenye bati na sakafu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza na kubwa ni kwamba Taasisi ya Elimu iandae furushi moja la masomo: vitabu vyote vya kiada kuanzia awali mpaka darasa la saba, video fupi za mada ngumu, programu zile za kusoma na kuhesabu, na kamusi. Furushi hilo lishushwe kwenye diski, lipelekwe kila halmashauri, kutoka hapo lifike kwenye Vituo vya Walimu katika kata, na kila mwalimu apeleke kishikwambi chake kikajazwe. Wathibiti ubora wanazunguka shuleni kila mwaka. Wakija wakute limo. Na mtoe ruhusa ya maandishi kwamba furushi hilo linaweza kunakiliwa na yeyote, hata na kijana wa stendi, mradi asiliuze.

Video za mada ngumu zifundishwe na walimu wetu. Tunao walimu mahiri katika nchi hii, na wengine tayari wanarekodi vipindi kwa simu zao na kuviweka mtandaoni. Nimeona mwalimu wa Hisabati akieleza sehemu kwa kugawa chapati, mtoto anacheka na anaelewa papo hapo. Hao wapewe posho kidogo na kipaza sauti kizuri, na kazi yao ipitiwe na wakuza mitaala. Vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, vimeonyesha kwamba hesabu na sayansi kwa Kiswahili zinaweza kumkalisha mtoto mbele ya kioo akiimba kanuni ya eneo la duara. Sina shaka na uwezo wetu wa kutengeneza. Shida iko kwenye kufikisha.

Ombi la pili ni la mawasiliano. Anwani za kielimu za serikali, Maktaba Mtandao ikiwa ya kwanza, zifunguke bila kukata bando kwenye mitandao yote ya simu. Afrika Kusini walifanya hivyo mwaka 2020 wakati wa korona kwa mamia ya tovuti za kielimu. Nyumbani pia tuna mifano yetu. Tangu 2012 mama mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, akapokea ujumbe wa afya wa kumwongoza wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua, bila kulipa hata senti, na hata kwa kitochi. Namba 199 ya Wizara ya Afya inapigwa bure. Na Aprili 2021, bei za vifurushi zilipobadilika na wananchi wakapiga kelele, serikali ilisimamisha haraka. Basi mkono wa serikali unafika kwenye bando pale inapoamua. Naomba ufike kwa ajili ya mtoto wa darasa la nne.

Mfano wa 15001 naomba usipite hivi hivi. Nyumba nyingi za wanafunzi wangu bado zina kitochi, na ujumbe mfupi unafika kwenye kitochi. Maswali matano ya kuzidisha kila jioni, mtoto anajibu kwa kubonyeza herufi, anaambiwa papo hapo amepata au amekosa, na kwa nini. Kenya huduma ya Shupavu 291 imefanya hivyo kwa miaka mingi kwa simu za kawaida kabisa. Mzazi wa kijijini asiambiwe anunue simu janja ndipo mwanawe aanze kuhesabiwa kama mwanafunzi wa karne hii.

Nafahamu hofu iliyopo kuhusu simu na watoto, na mimi mwenyewe ninayo. Nimewaona vijana wa sekondari waliolala darasani kwa kukesha na simu, wanaobeti kwa fedha ya daftari, waliotumiwa picha ambazo hata mtu mzima angeona aibu kuzitazama. Siku hizi yupo pia mwanafunzi anayemuuliza roboti la akili unde swali la insha, analinakili neno kwa neno, na hajui hata limesema nini. Wenzetu nao wanarudi nyuma: Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na za sekondari ya chini, na Sweden mwaka 2023 ikaanza kurudisha vitabu vya karatasi kwa wingi. Watu wananiuliza, kama wao wanazitoa, sisi tunaziingiza za nini?

Jibu langu ni kwamba mtoto wa Ufaransa anapoacha simu getini, ndani anakuta maktaba yenye vitabu, maabara, na darasa la watoto chini ya thelathini. Wangu anakuta ubao na mimi. Hatuwezi kuiga marufuku yao tukaacha kuiga maktaba zao. Nakubali kabisa mtoto asije na simu yake shuleni. Ninachoomba ni vishikwambi vichache vya shule, visivyo na laini, vyenye furushi lile la masomo tu, vinavyotoka kabatini kwa kipindi na kurudi kabatini kwa kipindi, mwalimu akiwepo. Kisichoingia mtandaoni hakiwezi kumpeleka mtoto kusikofaa, na hiyo ni faida nyingine ya masomo kukaa ndani ya kifaa ambayo sijaisikia ikisemwa vya kutosha.

Na hili la kuvunja simu kwa nyundo mbele ya paredi, ambalo nimelishuhudia katika shule moja, naomba likome kwa waraka. Simu iliyokamatwa irudishwe kwa mzazi, aitwe, azungumzwe naye. Mara nyingi ni simu ya mama, ile anayopokelea fedha kutoka kwa mtoto aliyeko mjini, na mtoto ameichukua bila ruhusa. Tunapoivunja tunamwadhibu mama, na kijijini inabaki hadithi kwamba simu na shule ni maadui.

Sisi walimu nasi tuna la kurekebisha. Yupo mwenzetu anayechati huku watoto wakikopi ubao, na yupo anayepokea andalio la somo kutoka kwenye kundi la WhatsApp na kulipeleka kwa mwalimu mkuu likiwa bado lina jina la shule ya Mwanza. Miongozo ya matumizi ya vifaa hivi ije, na itubane na sisi. Ila miongozo hiyo isiandikwe bila mwalimu wa darasani kuwepo mezani, hasa wa darasa la kwanza na la pili, ambaye ndiye anayejua mtoto wa miaka saba anaweza kutazama kioo kwa muda gani kabla hajaanza kusinzia.

Kuhusu matengenezo nitasema kwa ufupi. Vishikwambi vimeanza kuzeeka. Betri zinavimba, vioo vinapasuka, na mwalimu anayestaafu au kuhama haieleweki vizuri kifaa kinabaki wapi. Fundi wa simu aliyeko kijijini anaweza kubadili kioo, lakini kifaa ni cha serikali na hakuna anayethubutu kumpa. Kila halmashauri iteue mafundi wa kawaida, wa mtaani, iwalipe kwa kazi. Fedha kidogo ya ruzuku ya uendeshaji iruhusiwe waziwazi kutumika kwa hili na kwa kuchaji, kwa sababu shule isiyo na umeme inapeleka vifaa kuchajiwa dukani kwa malipo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukijenga minara vijijini na kupeleka kompyuta mashuleni, na umewafundisha walimu wengi. Mnara unapojengwa kwa fedha ya umma, shule iliyo chini yake iwe ya kwanza kuunganishwa, tena bila bili.

Sioni katika haya jambo linalongoja sheria mpya. Vitabu mnavyo. Vifaa tunavyo. Programu za Tanga ziko wazi. Vituo vya Walimu vipo katika kata, vingine vina vumbi, lakini vipo. Makampuni ya simu yana leseni kutoka kwenu na yanakaa nanyi meza moja kila mwaka.

Likizo ya Desemba ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, kwa kuwa hakuna vipindi na walimu wana muda wa kupeleka vifaa. Chagueni kata chache za kuanzia kabla ya kwenda nchi nzima, zenye umeme na zisizo na umeme, mpime baada ya muhula mmoja kwa kuwasomesha watoto aya moja ya Kiswahili kwa sauti, mlinganishe na kata jirani. Nimeshazungumza na walimu wenzangu wa kata yetu na wameridhia kuwa miongoni mwa za kwanza. Tunachohitaji ni diski yenye masomo, barua ya idhini, na siku moja ya mtaalamu mmoja. Chumba, meza na jenereta ya kuazima tutatafuta wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi, Mkoa wa Tanga